Madumu ya Uvunguni

Ipo Ijumaa moja, mwanangu, ambayo haijanitoka akilini mpaka leo, pamoja na uzee huu. Namkumbuka mtoto wangu wa kwanza, Zuhura, amenilalia pajani, hana hata nguvu ya kulia, na mimi nimeshika kijiko cha maji nataka kumpa. Maji yenyewe yalikuwa meupe, yamesomewa dua, na yalichotwa na mtu aliyenipenda kama binti yake wa kumzaa. Sogeza hicho kiti nikusimulie. Hiyo simu iweke chini, haitakimbia.

Nilikuja Dar es Salaam kutoka kusini, upande wa Lindi, nikiwa na mtoto mgongoni. Mume wangu, Rajabu, alikuwa ametangulia. Aliuza vyombo vya plastiki Kariakoo, ndoo, mabeseni na mabakuli, kwenye meza ya mbao pembeni mwa mtaa wenye watu wengi mpaka unajiuliza wote hawa wanaenda wapi. Alipopata chumba Ilala akaniita nije. Nami nikaja na kanga zangu, mto mmoja, na maneno ya mama yangu kwamba mjini usijifanye unajua, tazama wenzako wanafanya nini nawe ufanye. Mama hakukosea. Ila hakujua kuna nyumba ambayo ukitazama wenzako ndiyo unapotea.

Chumba kilikuwa katika nyumba ya Mzee Shomari, nyumba ya Kiswahili hasa. Vyumba huku na huku, ukumbi katikati, na ukiumaliza ukumbi unatokea uani. Maisha yote yalikuwa uani. Majiko ya mkaa upande huu, choo upande ule, kamba za kuanikia nguo juu ya vichwa, na katikati ya hayo yote kisima. Nilipokiona mara ya kwanza nilidhani ni kaburi la mtu mkubwa, kwa jinsi kilivyotunzwa. Ukingo wake ulipakwa chokaa, mfuniko wa mbao umesuguliwa, na kata ya kifuu cha nazi ilitundikwa kwenye msumari wake. Hakuna mtoto aliyethubutu kuichezea.

Kisima kile kilikuwa sadaka. Mzee Shomari alikichimbisha baada ya mama yake, Bi Mwanahawa, kufariki, ili kila anayekunywa thawabu zimfikie marehemu huko aliko. Kwa hiyo mlango wa mbele haukufungwa mchana. Wachukuzi wa sokoni, wale wanaobeba magunia mpaka shingo zinazama mabegani, walipita ukumbini, wakanywa, wakasema, "Mungu amrehemu mama," wakaondoka. Na kila Ijumaa Mzee akitoka msikitini, kabla hata ya kuvua kanzu, alichota ndoo kwa mkono wake, akasoma dua, akatugawia kata moja moja, Waislamu na Wakristo. Alikuwa anakutazama usoni unapokunywa. Mtu mzima na mvi zake, lakini ukimaliza kata na kushukuru, uso unamkunjuka kama wa mtoto aliyesifiwa na mama yake. Mimi nilimpenda kwa hilo. Mpaka leo nampenda.

Sasa sikia nilichokuwa sikijui.

Kabla sijafika, masika ya mwaka ule yalikuwa makali, na bonde la Msimbazi likajaa mpaka maji yakapanda kwenye mitaa yetu. Nyuma ya ukuta, nyumba ya jirani walikuwa wamechimba shimo jipya la choo, nalo likafurika. Mafuriko yalipokauka, maji ya kisima yalibaki meupe vilevile, lakini matumbo ya watu yakaanza kulalamika. Fundi Chande, mshona nguo wa chumba cha mbele, aliharisha. Mkewe akafuata. Wakafuata watoto wa Mama Eli, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mama wa Kilimanjaro aliyeuza maharage sokoni. Watu si wajinga, mwanangu. Walijua kisima kimeingiliwa.

Lakini nani amwambie Mzee? Utaanzaje kumwambia mtu kwamba maji uliyomtolea mama yako yamechafuka? Kila mmoja alimsubiri mwenzake aseme. Na wakati wanasubiriana wakapata njia yao. Alasiri, Mzee akishaondoka kwenda msikitini, muuza maji alisukuma mkokoteni wake mpaka mlangoni, madumu ya njano yakaingia ndani mbiombio, yakasukumwa uvunguni. Asubuhi kila mtu alitoka na ndoo yake, akachota kisimani mbele ya Mzee, akasema neno zuri, akaenda kufulia. Hata ile kata ya Ijumaa waliipatia ujanja. Unaweka mdomoni, unajifuta kwa kanga, yanayobaki unayamwaga ukigeuka. Nyumba nzima iliigiza kwa ajili ya mzee mmoja, na wote waliigiza kwa mapenzi. Usiwadhanie vibaya. Wale ni watu walionipokea vizuri, wakanipa mkaa siku ya kwanza kabla sijajua unauzwa wapi.

Mimi nilifika katikati ya mchezo huo bila kuambiwa. Mchana nilikuwa nafunga chakula cha Rajabu kwenye kitambaa, namfunga Zuhura mgongoni, natembea mpaka Kariakoo, nabaki naye pale mezani mpaka jioni nikimsaidia kupanga bidhaa. Muuza maji alipokuja sikuwepo hata siku moja. Nilichokiona mimi ni asubuhi tu, watu wazima wote wamejipanga kisimani na ndoo zao, wanacheka na Mzee, wanachota. Nami nikachota. Nikanywa. Nikampikia Zuhura uji, na akiwa na kiu nikampa kikombe.

Siku za mwanzo nilitaka kuchemsha, kwa sababu Rajabu aliniambia maji ya mjini mtoto anachemshiwa. Nikabandika sufuria ya maji matupu jikoni pale uani. Mama Eli akaja, akachutama karibu yangu, akaninong'oneza, "Mdogo wangu, ukitaka kuchemsha, chemshia ndani. Mzee asione, ataumia roho."

Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikajua, yaani nikadhani nimejua, kwamba katika nyumba ile kuchemsha maji ya sadaka ni kukosa adabu. Na jiko la mkaa utaliwashaje kwenye chumba kidogo chenye mtoto anayetambaa? Nikaacha kabisa. Mama Eli akarudi chumbani kwake akiamini amenionya. Mimi nikabaki naamini nimefundishwa heshima. Wote wawili tulilala vizuri usiku ule.

Haikupita muda Zuhura akaanza kuharisha. Nikawauliza wakubwa. Mke wa Fundi Chande akasema, "Meno hayo, Mama Zuhura, yakishatoka yatapita." Alisema huku anatazama nguo zake kwenye kamba. Nilijiuliza mbona hanitazami, nikasema labda ana haraka. Basi nikangoja meno. Nikamuongezea maji, kwa kuwa niliona yanamtoka mengi. Kadiri nilivyompa ndivyo alivyozidi, na kadiri alivyozidi ndivyo nilivyompa. Hapo ndipo moyo unaponiuma mpaka leo, ingawa najua sikuwa na namna ya kujua.

Ijumaa ile niliamka nikamkuta macho yamemzama na utosi umebonyea. Rajabu alikuwa ameshatoka. Nikambeba mbio mpaka zahanati. Nesi mmoja, mama mtu mzima, alimpokea, akaivuta ngozi ya tumbo lake na kuiachia, akaitazama inavyorudi polepole.

"Nyumbani mnakunywa maji gani?" akaniuliza.

"Ya kisima, mama. Ni maji mazuri, nyumba nzima tunayanywa."

"Mnachemsha?"

Nikatikisa kichwa. Yule mama hakunifokea. Akanipa pakiti za dawa ya unga ya kuchanganya na maji, akaniambia, "Chemsha, mwanangu. Yachemke kwelikweli, yapoe, ndiyo uchanganyie hii. Mpe kijiko kimoja kimoja, usichoke. Akilegea zaidi ya hivi, usikae nyumbani, kimbilia hospitali."

Nikarudi nikiwa na nia hiyohiyo. Nilisema moyoni leo nachemsha, Mzee aone asione. Nafika uani, Mzee Shomari ndiyo kwanza ametoka msikitini. Yuko na kanzu yake nyeupe, ndoo iko ukingoni, midomo inamalizia dua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mjukuu wangu ana nini, mbona kalegea hivyo?"

"Tumbo, baba. Nimepewa dawa ya kuchanganya na maji."

Akamshika Zuhura paji la uso. Nikaona machozi yamemlengalenga. Akasema, "Basi usihangaike. Haya nimeyaombea sasa hivi. Lete jagi."

Niambie wewe ungefanyaje. Mtu wa umri wa babu yako, machozi machoni, amekushikia ndoo ya mama yake. Maneno ya nesi nilikuwa nayo kichwani, lakini jiko lilikuwa halijawashwa, mtoto anakwisha mikononi, na nyumba nzima niliyoijua inakunywa kisima kile na iko salama. Nikaleta jagi. Mzee akanimiminia mwenyewe. Nikachana pakiti, nikakoroga, nikakaa kwenye kigoda na kumlaza Zuhura pajani. Kijiko kilikuwa kinaukaribia mdomo wake.

"Usimpe!"

Alikuwa Mama Eli. Amesimama kwenye mlango wa uani, kikapu cha sokoni bado kiko kichwani. Alikiachia kikaanguka, maharage yakatawanyika mpaka chini ya kisima, akanijia mbio akanishika mkono. "Mama Zuhura, usimpe mtoto hayo maji!"

Watu wakachungulia milangoni. Mzee Shomari akageuka polepole, kata bado iko mkononi.

"Maji yana nini, Mama Eli?"

Sijawahi kuona mtu mzima anahangaika na maneno kama alivyohangaika yule mama. Alifungua mdomo, akaufunga, akaanza kulia kabla hajasema kitu. "Nisamehe, Mzee wangu," akasema mwishowe. "Kisima kimeharibika. Tangu yale mafuriko. Sisi hatuyanywi."

"Ninyi nani?"

"Sote, Mzee."

Mzee akamtazama Fundi Chande aliyekuwa kasimama na futi yake ya kupimia shingoni. Chande akainamisha kichwa. Mzee akasema kwa sauti ndogo sana, "Nionyesheni mnayokunywa." Hakuna aliyesogea. Akarudia. Basi mlango wa kwanza ukafunguka, dumu la njano likaburutwa kutoka uvunguni mpaka uani. Likatoka la pili. Likatoka la chumba cha Chande, la chumba cha Mama Eli, kila chumba lake, mpaka yakajipanga pale kando ya kisima kilichopakwa chokaa. Chumba kimoja tu hakikutoa kitu, nacho kilikuwa changu.

Mzee Shomari aliyatazama madumu. Kisha akanitazama mimi na lile jagi. Nadhani ndipo alipoelewa jambo lote, kwa sababu aliketi chini kwenye saruji na kanzu yake safi.

Mama Eli hakungoja. Alikuwa na maji ya kuchemsha kwenye chupa ya chai, akayapooza, akachanganya pakiti ya pili, akampokea Zuhura na kumnywesha mwenyewe tone kwa tone huku anamwimbia wimbo wa kwao nisioujua. Kufika alasiri mtoto alikuwa bado amelegea, tukampeleka hospitali akatundikiwa dripu. Mzee alikuja nasi. Alikaa kwenye benchi la korido na kanzu yake yenye vumbi, na kila nesi alipopita, yeye alisimama. Zuhura alipofungua macho na kulia kwa hasira ya njaa, mimi nilicheka. Mzee ndiye aliyelia.

Kesho yake, Rajabu akiwa amebaki hospitali na mtoto, nilirudi nyumbani kuchukua nguo. Nikamkuta Mzee amewakusanya wapangaji wote uani. Nilitaka kupita, akanionyesha mahali pa kukaa.

"Tumeishi pamoja siku nyingi," alianza. "Mke wangu alipofariki, ni ninyi mliopika, mliochota, mliokesha. Kwa nini hamkuniambia?"

Fundi Chande akajikaza. "Tulikuonea haya, Mzee. Ni sadaka ya mama."

"Mama yangu alizika watoto wawili wa tumbo lake, wote kwa kuharisha," Mzee alisema. "Ndiyo sababu nilichimba kisima, nikachagua maji, sikuchagua kitu kingine. Leo mtoto wa mwenzake afe kwenye kisima chake, ili mimi nisihuzunike? Mlidhani napenda shimo kuliko mtoto?"

Akaendelea, na sasa sauti ikawa na ukali. "Halafu na mimi je? Kila Ijumaa nakunywa kata nzima. Miezi yote hii nashinda chooni nasema ni uzee umeingia. Mnaniona napita na kopo, mnaniambia pole Mzee, mnarudi ndani mnakunywa maji ya dumu!"

Mama Eli aliguna, nikadhani analia, kumbe kicheko kimemtoka bila kutaka. Akajiziba mdomo. Chande naye mabega yakaanza kumtikisika. Kufumba na kufumbua uani pote watu wanacheka huku wanajifuta machozi, na Mzee mwenyewe anacheka kwa uchungu anatikisa kichwa. Ilikuwa aibu na nafuu kwa pamoja. Mtu aliyebeba siri ya namna ile, mwanangu, hajui ilivyo nzito mpaka itoke.

Walipotulia, Mzee akanigeukia mimi. Mtu wa umri ule akaniomba radhi mbele ya watu wote, mimi msichana wa juzi. Nikasema, "Baba, wewe hukujua." Akasema, "Sikujua kwa sababu sikuwapa nafasi waniambie. Nilipenda sana kuwatazama mkinywa. Ukionyesha watu kwamba unataka kusifiwa, watakusifu mpaka wakuzike." Hilo nalo lilikuwa karipio, ila alijikaripia mwenyewe, na kwangu lilizama kuliko yote aliyowaambia wale.

Kuna watu wangefunika kisima kimyakimya na kubadilisha mazungumzo. Mzee Shomari hakufanya hivyo. Alichovya brashi kwenye rangi nyekundu akaandika ukingoni kwa mkono wake kwamba maji haya ni ya kufulia, si ya kunywa. Halafu akatoa kiti akakaa barazani. Kila mchukuzi aliyekuja na jasho lake akitaka kupita ukumbini, Mzee alimzuia na kumwambia wazi, "Kisima cha mama yangu kimechafuka. Kama umekunywa hapa na tumbo limekusumbua, nisamehe, na nenda zahanati." Nilikuwa namsikia kutoka ndani. Alilisema neno hilo siku nzima, na kesho yake, na keshokutwa, mpaka habari ikaenea sokoni. Fikiria inavyouma, mwanangu, kulisema jambo hilo juu ya mama yako mara chungu nzima kwa watu ambao jina lako hawalijui. Mchukuzi mmoja alimwambia, "Mzee, sisi tumeshayazoea, tupe tu." Mzee akamjibu, "Sikupi. Kaa hapo upumzike, nakuletea mengine."

Maana alikuwa ameanza kuchemsha. Alinunua sufuria kubwa, zile za kupikia pilau la shughuli, na kila alfajiri akitoka kusali aliwasha mkaa. Tulipomwambia, Mzee, tuachie sisi, alikataa. Alikubali tu tumsaidie kuibandika na kuipua, kwa kuwa sufuria ilikuwa nzito. Rajabu akaleta kutoka mezani kwake ndoo zenye mifuniko na koki chini, ili mikono ya watu isiingie ndani, na vikombe vikawa vinasuuzwa kila mtu akimaliza. Madumu yaliendelea kuja na mkokoteni, ila sasa yaliingia mchana kweupe, na mwenye kuyapokea mlangoni alikuwa Mzee. Hata hayo aliyachemsha. Alisema dumu nalo hatujui limetoka wapi. Ijumaa zikarudi, dua zikarudi. Watu wakanywa vikombe vyao mpaka chini.

Mtu akaja kumwuliza, sadaka ya Bi Mwanahawa si imekufa sasa, maana hakuna tena anayekunywa kisimani? Mzee alikuwa anapepea mkaa. Akasema, "Zamani nilimpa mama hela yangu. Sasa nampa usingizi wangu. Nadhani hii inamfikia haraka zaidi."

Mimi na Rajabu tulikaa katika nyumba ile mpaka Zuhura alipoanza shule. Mama Eli alikuwa dada yangu mpaka alipofariki. Hakuacha kuniambia, "Lakini nilikuonya, mdogo wangu," na mimi sikuacha kumjibu, "Ulinificha, dada, ukadhani umenionya." Tulikuwa tunacheka, lakini kila mmoja alijua mwenzake anasema kweli.

Haya, nimekuchosha, ila bado sijafika nilikotaka kukufikisha. Juzi ulinisimulia habari ya jengo mnalokaa Kariakoo. Ukasema tangi la juu halina mfuniko, njiwa wanatua humo, na vijana mliopanda kuliangalia mlishuka mkiapa hamtayagusa. Ukasema mwenye jengo ni mtu mwema sana, alikuja na mchele na mafuta mlipofiwa, kwa hiyo hamtaki kumuudhi na kila mtu ananunua maji yake ya chupa. Ulicheka uliposema hivyo, nami nikacheka nawe. Lakini ulisema kitu kingine, ukapita haraka. Ulisema ghorofa ya chini amehamia binti na mtoto mchanga, nawe humjui hata jina.

Yule binti anawatazama, mwanangu. Anaona mabomba yenu yako wazi asubuhi, anaona mnajaza ndoo, hazioni chupa mlizoficha chumbani. Atafanya mnachofanya. Atampikia mwanawe uji.

Basi nakuusia, na nakuusia kama mtu aliyekuwa huyo binti. Ukijua maji yameharibika, sema siku hiyohiyo, na useme kwa maneno yanayoeleweka. Usimnong'oneze mtu nusu ukamwachia akisie nusu nyingine. Mpelekee habari mwenye maji kwanza, kwa upole, mkiwa wawili ikibidi, mkae chini mumwambie, baba, tangi limechafuka, tukusaidie kuliosha na kulitafutia mfuniko. Kama ni mwema kama unavyosema, atakushukuru. Na akikasirika, hasira hupoa. Maji ya kunywa na ya kumpa mtoto yachemsheni hata yakiwa meupe, hata yakiwa yameombewa, hata yakitoka mkononi mwa mtu unayempenda, maana aliyeyaombea naye angependa uamke salama. Mgeni akihamia, usingoje akuulize. Mgongee mlango umwambie hapa tunakunywa maji gani na hatunywi maji gani, kabla hujamwonyesha hata duka liko wapi. Na siku utakapokuwa wewe ndiye mwenye nyumba, mwenye kisima, mwenye jina, ishi na watu hivi kwamba mtoto mdogo aweze kuja kukwambia maji yako yananuka, asiogope.

Nyanyuka sasa, jua bado lipo. Ukifika usipande kwanza kwako, pitia ghorofa ya chini. Mungu akupe ulimi mwepesi wa kusema kweli na moyo mpana wa kuambiwa. Akuzidishie riziki, akulindie watoto utakaowapata, na kila atakayepokea kikombe mkononi mwako, anywe, alale, aamke mzima.